Kiu ya Arnljot Nesse

Kipimo kikuu kilirudi kutoka maabara ya mji mkuu ndani ya sanduku lake la bluu, na Solfrid Myrvang akalifungua huku anatafuna mkate wake wa jibini, hana wasiwasi wowote. Kila mwaka kilikwenda kuhakikiwa na kila mwaka kilirudi salama. Yeye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa kituo cha kusafisha damu cha Sandvær, na kwa kipimo hicho alikagua mashine zote za wagonjwa wa figo: maji ya dawa yanayopita humo yawe na chumvi ya kutosha, isipungue wala isizidi.

Safari hii cheti kilisema kipimo kilifika maabara kikisoma chini ya ukweli.

Solfrid akaacha kutafuna. Kama kilisoma chini, basi yeye alikuwa akiongeza chumvi huku akidhani anaitengeneza mashine.

Alifungua programu ya matengenezo. Humo kila tokeo lilikuwa limewekwa: mashine ilikutwaje, ikaachwaje, ilipimwa kwa kifaa gani. Akaiagiza imwonyeshe mashine zote zilizowahi kuguswa na kipimo kile, akaiweka michoro yake pamoja kwenye skrini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana siku zote alizitazama moja moja. Tangu majani yalipoanza kupukutika, mistari yote ilishuka kwa pamoja. Lakini mashine haziugui kwa pamoja. Kilichokuwa kinaugua ni kipimo.

Nyingi zilikuwa zimeonekana kushuka kidogo tu, naye wakati ule akaziacha kama zilivyo. Tatu alizirekebisha kwa kuongeza chumvi. Mojawapo ilikuwa ile ya dirishani, aliyokuwa akiitumia Arnljot Nesse.

Arnljot alikuwa fundi wa injini za boti, mstaafu, mwenye mdomo. Alifia nyumbani kwake mwezi wa pili; moyo ulisimama. Wiki chache kabla ya hapo alimwita Solfrid kitini pake.

"We Solfrid, mashine yako inanikausha kama chewa kwenye kichanja. Unataka kuniuza Italia pamoja na samaki wetu wakavu?"

Solfrid alicheka. Akaipima mashine mbele yake, kwa kipimo kilekile, kisha akamwambia, "Iko sawa kabisa, mzee. Wewe acha kunywa maji kwa kujificha; figo zako haziwezi kuyatoa."

Maneno hayo sasa yalimrudia neno kwa neno. Akazigeuza zile mashine tatu kuwa nyekundu kwenye mfumo ili mtu yeyote asizitumie, akapiga simu mji wa jirani kuazima kipimo kingine, halafu akaenda kwa daktari Eivind Aasheim.

Eivind alisoma cheti akiwa amesimama. "Tofauti yenyewe ndogo."

"Ndogo, ila imevuka kiwango."

"Haiwezi kuua mtu, Solfrid. Moyo wa Arnljot ulikuwa umechoka kabla hajafika kwetu."

"Sijasema imemuua."

"Kwenye mfumo umejaza nini?"

Mfumo haukukubali kulifunga jambo kabla mtu hajajaza kama mgonjwa alidhurika. Majibu yalikuwa matatu: hapana, huenda, ndiyo.

"Nimejaza huenda."

Eivind alishusha pumzi. "Unajua neno hilo linatupeleka wapi?"

"Kwa Borghild."

"Niachie mimi, nimwandikie barua mjane wa watu."

"Utaandika barua nzuri isiyoeleweka. Eivind, yule mtu alikunywa maji kwa sababu ana kiu, na kiu yenyewe huenda tulimpa sisi. Wewe ukamgombeza, mimi nikamcheka."

Daktari alivua miwani, akaishika muda mrefu bila kuifuta. "Basi kesho," alisema. "Leo tuwaambie walio hai."

Borghild Nesse aliwapokea kwa kahawa na keki nyembamba za kuoka kwenye chuma alizozipika asubuhi hiyo. Alidhani wamekuja kuzungumzia vifaa vya mumewe vilivyobaki kituoni. Eivind akaanza kwa mbali, akazunguka na maneno makubwa ya kitaalamu, mpaka mama huyo akamkata.

"Eivind, mimi nimekujua tangu utoto, kamasi zikikutiririka. Sema ulichokuja kusema."

Solfrid akasema yeye. Alieleza yote, kipimo, chumvi, na jinsi alivyomwambia Arnljot mashine iko sawa.

Borghild alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Chumvi ikizidi, mtu anaona kiu?"

"Ndiyo. Kiu kali."

"Hata akijikaza?"

"Hata akijikaza."

Borghild aliinuka, akaenda kusimama kwenye sinki, akawapa mgongo.

"Nilificha vikombe," alisema. "Nilifunga choo kwa ufunguo asifikie bomba. Mtu mzima, ananiomba ruhusa ya kwenda haja! Aliniapia koo linawaka, nikamwita mwongo. Nikamwambia anajiua makusudi aniache peke yangu. Siku aliyokufa hatukuwa tunasemezana."

"Kumpunguzia maji tulikuagiza sisi," Eivind alisema kwa upole.

"Najua mliniagiza."

Nje gari la kukwangua theluji lilipita, likapotea.

"Hao wagonjwa wengine?" Borghild aliuliza bila kugeuka. "Wapo hai?"

"Wapo," alijibu Solfrid. "Wameshaambiwa."

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yalikuwa makavu, uso umeshuka. "Afadhali mmekuja. Lakini sikushukuru, Solfrid. Usinitazame hivyo, sikushukuru."

"Sikuja kushukuriwa."

"Basi kunywa kahawa yako, inapoa."

Wakanywa. Hakuna aliyegusa keki. Walipoaga, Borghild naye alivaa koti na viatu vya theluji. Eivind akauliza kama wampeleke mahali.

"Naenda makaburini. Nina maneno na Arnljot, na sitaki msikilizaji."

Wakaketi garini wakimtazama anavyopanda kilima polepole, mkono mmoja kwenye uzio. Eivind hakuwasha injini mpaka mama huyo alipopotea nyuma ya kanisa.

Wakaguzi walikuja kabla theluji haijayeyuka. Waliandika kwamba haiwezekani kuthibitisha chumvi ilichangia kifo wala kwamba haikuchangia. Tangu hapo, kituoni hakuna mashine inayopewa rangi ya kijani kwa kipimo kimoja peke yake, na mistari ya zote hutazamwa pamoja kila mwezi. Eivind alipendekeza kwa upole kwamba sasa lile jibu la huenda libadilishwe liwe hapana. Solfrid alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaenda kuhudumia mashine ya dirishani, ambako mwanamke mmoja alikuwa akilalamika kwamba miguu yake inapata baridi. Alivuta kiti, akaketi, akamwomba aanze tena kumweleza tangu mwanzo.