Swichi ya Upepo

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kipimajoto cha ukutani katika wodi ya watoto wachanga kilisoma nyuzi kumi na tano. Fundi Bati alikitazama mara mbili, kisha akaangalia kitanda cha tatu, chini kabisa ya tundu la hewa. Mjukuu wake alikuwa na siku kumi na moja. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na kofia ya sufu ilimfunika mpaka kwenye nyusi.

"Mchumba wangu ameamkaje?"

"Miguu ya baridi," bintiye alisema. "Baba, hilo joto linakuja leo, au ni ile leo ya wiki jana?"

"Leo yenyewe."

Vitanda viwili vilikuwa vimetandikwa upya tangu Jumatatu. Mama za watoto waliovilalia walitoka mikono mitupu.

Alipanda ngazi hadi chumba cha mitambo, juu ya dari. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: feni inasukuma hewa ndani ya njia ya bati, hita inakaa katikati ya njia hiyo, hewa inapita kwenye koili na kushuka wodini ikiwa na joto. Feni ikisimama, swichi ndogo inahisi kwamba upepo umekatika na kuzima hita. Tundu la swichi hiyo lilikuwepo. Maelekezo yake yalikuwepo. Swichi haikuwemo.

Msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi ya kufunga hita aliingia akiwa ameinua suruali isiguse vumbi. Umri wake ulilingana na wa bintiye fundi.

"Mzee, bado unapiga ramli?"

"Swichi ya upepo haimo."

"Funga bila hiyo."

"Feni ikisimama, koili zitaendelea kuwaka. Bati hili ndani lina sponji. Ikishika moto, moshi wote unashukia wodini."

"Kwani feni itasimama kwa nini?"

"Feni zote husimama."

"Mgeni rasmi anafika saa nne. Nimwambie fundi wangu anasubiri upepo?" Alicheka peke yake. "Unga hizo waya mbili, hita idhani upepo upo. Au nimwite yule wa getini? Yuko pale tangu saa kumi na mbili, na bisibisi amekuja nayo."

Fundi Bati alimjua yule wa getini. Angeunga waya bila hata kuuliza ni za nini. Na kama hakuna atakayeunga, usiku wa leo ungekuwa nyuzi kumi na tano tena.

Akakata kipande cha waya chenye urefu wa kidole, akakiunga. Akiwa ameinama hapo ndipo alipoona kutu chini ya rangi mpya ya hita. Kinga yake ya pili, ile ya kuzima joto likizidi, ilikuwa imeshaungwa waya na mkono mwingine, miaka mingi nyuma.

"Hii si mpya," alisema.

"Imeandikwa mpya." Msimamizi alimpa karatasi ya makabidhiano. "Sahihi hapo."

"Ya mhandisi iko wapi?"

"Mhandisi yuko semina. Mstari ni mmoja, mzee. Wako."

Aliweka sahihi.

Swichi ya feni ilikuwa ukutani kwenye korido, mkono wa yeyote unaifikia, na taa nyekundu ya hita juu yake. Swichi ya hita ilikuwa juu, chumbani. Kwa hiyo fundi alichukua kalamu nene akaandika ukutani: USIZIME FENI KABLA YA HITA.

Saa tatu na nusu kipimajoto kilisoma ishirini na moja. Bintiye alimfunulia blanketi.

"Mguse mchumba wako."

Akagusa. Nyayo zilikuwa na joto.

Alipotoka, mhudumu alikuwa anafuta maandishi kwa spiriti, na katibu wa hospitali amesimama nyuma yake.

"Bosi, naomba hayo yabaki."

"Ili mgeni asome kwamba humu kuna hatari?"

"Basi ufunguo wa juu niachiwe mimi. Kwa leo tu."

"Ufunguo wa mitambo haukai na kibarua." Katibu aliutia mfukoni. "Na uende nje, fundi. Mgeni hapokewi na maovaroli."

Alisimama nje, kwenye dirisha la korido. Mgeni rasmi alianza kusoma hotuba mbele ya mlango wa wodi, utepe wa uzinduzi ukiwa umefungwa kwenye vitasa nyuma yake. Feni ilikuwa inanguruma. Katikati ya sentensi mgeni alinyamaza, akaweka kiganja sikioni, akasema kitu. Watu walicheka. Katibu alinyoosha kidole ukutani, na msimamizi akaenda haraka, akifunga kifungo cha koti.

Fundi Bati aligonga kioo kwa viganja vyote viwili. Mlinzi alimshika mkono wa ovaroli.

"Mzee, heshima basi."

"Mjukuu wangu yumo humo."

"Wa kila mtu yumo humo. Tulia amalize."

Saa nne na dakika kumi na saba feni ilinyamaza. Mgeni rasmi alishukuru, akafunua ukurasa wa pili. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.