Padri Mlangoni pa Edouard

Tangu shimo la madini la Mutoshi liporomoke na kumtema akiwa hai, Edouard hakuwa tena mtu yule. Wenzake wawili walibaki chini. Yeye alitolewa na udongo mdomoni, akiapa kwamba kule gizani alisikia sauti ikimwita kwa jina. Haukupita muda, kanisa moja la maombi hapo Kolwezi likambatiza upya mtoni.

Mwanzoni binti yake Myriam alifurahi. Baba aliacha pombe, akaacha na matusi. Lakini baadaye aliacha pia kwaya ya parokia, alikopiga ngoma tangu ujana wake. Siku moja akashusha ukutani picha ya Bikira Maria, akaichoma nyuma ya nyumba pamoja na rozari zote. Mkewe, mama Yolande, alitazama moshi ukipanda. Myriam alipomlalamikia, alijibu tu, "Afazali mwanaume wa kuchoma picha kuliko mwanaume wa kulewa."

Kisha akaletwa bibi yake Myriam, kambo Louise, mama yake Edouard, kutoka Mutshatsha. Tumbo lilikuwa limemvimba, na hospitali ilikwisha kusema arudishwe nyumbani. Bibi huyo alikuwa Mkatoliki tangu utoto. Hakuomba chakula wala dawa. Aliomba padri aje ampake mafuta ya wagonjwa.

"Tata, kambo iko naomba padri," Myriam alimwambia baba yake. "Ni kitu yake ya mwisho."

"Mutu akizama, unamupa jiwe?" Edouard akauliza, tena kwa upole. "Ile mafuta ni jiwe, mwanangu."

Myriam akaenda parokiani mwenyewe, akarudi na padri Badibanga. Walimkuta Edouard amesimama mlangoni, mikono ameshika miimo huku na huku.

"Padri, mi sina chuki na ninyi," akasema. "Ninyi njo mulibatiza batoto yangu. Lakini nikiwaacha muingie, mama atapotea, na Mungu ataniuliza mi."

"Na mama mwenyewe anasema nini?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani, nyembamba kama uzi. "Edouard. Acha aingie."

Wote walisikia. Majirani waliokuwa wakianua nguo walisikia. Machozi yakamtiririka Edouard mpaka kidevuni, lakini mikono yake haikutoka kwenye miimo. Myriam akamshika bega, akamsukuma. Ilikuwa kama kusukuma ukuta. Padri akasimama uani, akasali kwa sauti ili mgonjwa asikie, akaenda zake kichwa chini.

Kesho yake wakaja watu wa kanisa la Edouard na nyimbo zao. Wakajaza maji beseni kubwa la kufulia. Edouard akapiga magoti kando ya godoro.

"Mama, kubali. Nisikukose kule mbele."

Kambo Louise akamtazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta mtoto katikati ya kundi.

"Fanya," akasema mwishowe. "Nimechoka kukuona unalia."

Wanaume wakamwinua. Hakuwa na uzito wowote. Mchungaji akamwita Myriam aje ashike kichwa, maana shingo haikujiweza tena. Myriam akamwangalia mama yake. Mama Yolande akainamisha macho. Basi akakishika. Maji yalipompita bibi usoni, Myriam alisikia vidole vyake vikongwe vikimbana mkono, na hakujua kama ni kuaga au ni kuomba msaada. Hakuthubutu kuuliza.

Kambo alifariki Jumapili alfajiri.

Makaburini Edouard aliimba kuliko wote. Uso wake ulikuwa umekunjuka, hana deni na mtu. Walipotoka huko akamkumbatia binti yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya enzi za pombe.

"Kambo ameokoka, Myriam. Sasa njo munabakia kuokolewa we na mama yako."

Myriam alitaka kumwambia kwamba kambo hakuokoka, alichoka tu. Akamwona baba anavyomtazama, amejaa furaha na hofu kama mtoto, akajua kwamba neno hilo likitoka litamvunja yeye na halitamrudisha bibi.

"Ndiyo, tata," akasema.

Mama Yolande akamvuta mkono. Wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na bukari ilikuwa haijasongwa.