Pindo la Mbele

"Geuka, mwanangu. Taratibu. Nataka kuona mgongo."

Kwenye simu ya video binti wa Fundi akageuka, ila aligeuka vipande vipande: bega hapa, kiuno kule, kichwa kikabaki kilipokuwa. Fundi akasonya. Ameshona maisha yake yote, hajawahi kukagua gauni namna hiyo.

"Limenikaa vizuri, mama, kweli tena!" Sauti ilifika midomo ikiwa imeshafumbwa.

Vizuri gani? Huyo mtoto angevaa hata gunia akasema limemkaa, ilimradi mama yake asiumie. Gauni lilikatwa kwa vipimo vya zamani, likasafirishwa ng'ambo, na kesho ndiyo sherehe ya mawifi. Kama kuna mahali linavuta, Fundi alitaka apaone yeye kwanza. Ukweni kuna macho.

"Na wewe nakuona kwenye moshi," binti akasema. "Hebu futa kamera."

Fundi akageuza simu. Lahaula! Dole gumba lake lote la mafuta ya cherehani limejichora pale. Akafuta kwa kipande cha bitana.

"Umetakata. Lakini bado unakatika. Ruta ya intaneti mmeiweka wapi?"

Fundi akamtazama mumewe, ambaye ghafla alipata habari nzito gazetini.

"Mzee, ruta iko wapi?"

"Ipo salama."

"Salama wapi?"

"Kabatini."

Kabati lenyewe la chuma, lina kufuli, na humo ndani, Mungu amsaidie, alikuwa ameivika taulo.

"Vumbi la vitambaa vyako lingeiua," Mzee akajitetea. "Kitu cha thamani hakiachwi ovyo."

"Umeifunga jela halafu unataka ifanye kazi!" Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Itoe, baba, itoe ipumue."

Ikawekwa kwenye meza ya kukatia, kando ya mkasi. Kidogo kidogo picha ikatulia. Rangi ikawa ileile aliyoichagua dukani, na mshono wa bega ukaonekana, umenyooka. Fundi akafurahi kama mtoto. Mkono wake bado upo.

"Isimamishe simu mezani, urudi nyuma. Simama ubavu."

Binti akasimama ubavu. Nyuma, pindo liliangukia palepale alipolikusudia. Mbele lilikuwa limepanda. Upana wa kidole tu, mtu mwingine asingeona. Fundi akalitazama, akalitazama tena. Hakukosea kukata. Pindo hupanda hivyo tumbo linapoanza kudai kitambaa. Kuna wateja aliowapa hongera kabla hata waume zao hawajaambiwa. Na kwa mwanawe huyu alikuwa ameshachoka kuomba mjukuu, amebaki kunyamaza.

"Mama?" Binti akaigeuzia simu uso. "Mama, umeganda?"

"Mtandao tena?" Mzee akauliza, ameshasimama.

Fundi akamzuia kwa mkono, bila kugeuka. Mtandao haujawahi kuwa mzuri hivyo. Aliona hata vidole vya mwanawe vikishuka polepole na kutulia tumboni, juu ya kitambaa.