Siku Isiyo na Upepo

Turubai la hema lilikuwa halijatikisika kwa siku tatu. Baba alilala chali juu ya matawi ya msonobari akilitazama, na juu yetu bata bukini walipita, kundi baada ya kundi, wakipiga kelele kama watu wanaokwenda harusini.

"Mmoja tu," aliniambia asubuhi ile. "Hata paja. Halafu niende zangu."

Alikuwa ameikimbia hospitali ya kusini ili aje kufia hapa, kwenye kambi yetu ya kuwinda bata. Mimi ndiye niliyemfunga kwenye sleji ya kuburutwa, nikamvuta kwa pikipiki ya theluji juu ya barafu ya ghuba iliyokwisha kuanza kuoza kwa kuyeyuka. Wiki nzima alikunywa supu na kuitapika.

Kwa miaka thelathini alikuwa mkuu wa mawindo kwenye ghuba yetu. Yeye ndiye aliyesema leo tunapiga, kesho tunakaa. Na siku isiyo na upepo bunduki haikulia, basi. Upepo hubeba mlio ukapotea. Bila upepo mlio unafika kila dimbwi, na bata akishajua mahali pa kuuawa hasahau, na wanawe hawasahau. Nilipokuwa kijana nilimwona akimfukuza binamu yake kambini kwa sababu ya risasi moja aliyoipiga siku kama hiyo. Mimi shule niliiacha darasa la sita ili nije kujifunza mambo haya. Sina elimu nyingine.

Baba mdogo Stanley alikuwa kwenye hema lake akicheza karata peke yake.

"Kaa chini wewe. Unazunguka kama mbwa mwenye viroboto."

"Anakufa, baba mdogo."

"Ni kaka yangu, unadhani sijui? Nenda basi kaupigie upepo mluzi uje."

Nikachukua ndoo, nikasema naenda kuchota maji. Bunduki niliivalia koti juu.

Kwenye kificho cha matawi kando ya dimbwi nilikaa muda mrefu. Maji hayakuwa na hata kunyanzi. Walishuka saba, miguu mbele, karibu kiasi kwamba niliona theluji imewaganda kifuani. Nilipiga mara moja. Mmoja akaanguka. Kisha wakainuka wote, si wale sita tu. Kutoka madimbwi yote, kutoka pwani nzima, mpaka mbingu ikawa nyeusi. Halafu kukawa kimya. Kimya kile sijakisikia tena.

Stanley alinikuta nje ya hema la baba. Alimtazama yule bata, hakunitazama mimi.

"Haya, mpelekee. Fungu langu usiniletee."

Mke wangu Hattie alimnyonyoa, akamning'iniza kwa kamba mbele ya moto. Bata akazunguka polepole, mafuta yakidondokea sufuriani. Baba alifumbua macho kwa harufu ile.

"Upepo wa wapi?" aliuliza.

"Wa kusini, baba."

Alilitazama turubai. Lilining'inia tuli kama shuka kwenye kamba. Alilitazama kwa muda, halafu akanitazama mimi, halafu akafungua mdomo kama kinda. Nikamlisha. Alikula paja lote, mafuta yakamtiririka kidevuni, na hakutapika.

"Upepo mzuri huo," alisema.

Akafa kesho yake mchana. Jioni upepo wa kusini ulikuja kweli, ukavunja nguzo ya hema la Stanley. Tulikwenda kwenye madimbwi yote. Hapakuwa na hata unyoya.

Hii ni mara ya kumi na tisa barafu inayeyuka tangu siku ile. Bata hupita mbali, juu ya maji makubwa. Familia tatu zimehamisha kambi zao kaskazini zaidi. Mlio ule kila mtu aliusikia, wala hakuna aliyewahi kunisema. Waliponitaka niwe mkuu wa mawindo nilikataa, nao hawakunibembeleza.

Sisi bado tunapiga hema palepale. Kila asubuhi, akiwa anapuliza moto, Hattie huniuliza upepo unatoka wapi. Ni swali la kawaida, kambi yote huliuliza. Mimi hutoka nje kwanza, nikavua glavu, nikanyoosha mkono, nikangoja mpaka niusikie kwenye ngozi. Ndipo ninapomjibu. Na kama haupo, namwambia haupo.