Migomba Isiyo na Nyumba

Nina mama, akizaa mara moja hufa. Ni nani? Mgomba. Kitendawili hicho Lusajo alikijua kabla hajajua kusoma, maana kwao Tukuyu mgomba ndio ua wa nyumba. Ukiona migomba, piga hodi, watu wapo.

Basi huko Guangzhou, alikokwenda kusomea mipango miji, Profesa Huang akampa picha zilizopigwa toka angani. Nyumba azipake rangi nyekundu, mashamba kijani. Mji ulikuwa ukitafuna mashamba kama nzige, na wakubwa walitaka kuuwekea mpaka: penye wekundu ujenge, penye kijani usiguse. Lusajo akaona migomba. Akapaka nyekundu, wala moyo haukumgonga.

Jumapili yeye na Leokadia, mwanafunzi mwenzake wa Bukoba, walipanda basi mtaani Sanyuanli wakatafute ndizi za kupika huko pembezoni mwa mji. Waliposhuka, Lusajo akapatambua. Ni pale pale pa kwenye picha. Migomba imejipanga mistari mpaka mtoni.

"Haya, tupige hodi wapi?" Leokadia akauliza. "Migomba yote hii, na nyumba sioni!"

Lusajo akaitazama ile mistari. "Dada, nimepapaka nyekundu."

Leokadia alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Mwenzangu! Hata mimi Mhaya ningepaka."

Mwenye shamba, Bibi Liang, akatokea na panga lake. Akawakatia mkungu, pesa akakataa.

"Kuleni, wanangu. Nasikia mpaka unakuja. Shamba langu litapona."

Lusajo akaupokea kwa mikono miwili. Usoni hakuweza kumtazama.

Jumatatu akamweleza profesa kosa lake, hakuficha kitu.

"Eneo la mji limeshapimwa, haliongezeki wala halipungui," profesa akasema. "Ukilitoa shamba hili, ingiza jingine la ukubwa huo huo. Chagua kabla ya jioni."

Lusajo akatafuta mahali asipomjua mtu. Akapata mabwawa ya samaki, upande wa kaskazini. Akayapaka nyekundu.

"Umerekebisha?" Leokadia alimngoja mlangoni.

"Nimerekebisha."

"Basi bibi yetu kapona! Twende tukapike."

"Kapike wewe, dada." Lusajo akachukua koti. "Mimi natafuta basi la kwenda kwenye mabwawa ya samaki niliyoyapaka nyekundu badala ya shamba lake."

"Ukamwambie nini mwenyewe?"

Lusajo akavaa koti lake. Akatoka kulitafuta basi.