Siku Udada Ulipokwenda kwa Kijiko

Jumapili baada ya chai, Bi Subiri alikaa kwenye kochi lenye mkono uliolegea, ameinamia ukutani kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Hakuna umbea aliokuwa anasikiliza. Waya wa chaji ulikuwa mfupi, na simu yake ukiichomoa kwenye umeme inazima hujamaliza hata kupiga chafya. Kwa hiyo alicheza poka hivyo hivyo amepinda, miguu juu ya stuli, kikombe sakafuni, karata zake mbili zinamtazama kutoka kwenye kioo.

Alikuwa anapoteza tangu asubuhi, na hilo halikumnyima raha.

Jina la Bi Subiri alilipata kazini. Ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, yenye daktari mmoja na mabenchi mawili marefu, na kazi yake kubwa pale si kuandika majina bali kuhakikisha watu hawaondoki. Kwa hilo ana kipaji, tusimpunje. Mgonjwa akiinuka, shavu limevimba kama ameficha limau, yeye anamwambia, "Mpenzi, umekaa tangu asubuhi, sasa ndiyo unaondoka? Si utakuwa umekaa bure?" Na mgonjwa anakaa. Bi Subiri alishagundua zamani kwamba aliyekaa kidogo ni rahisi kumpoteza, lakini aliyekaa sana ni wako, hata umfukuze na fagio haendi. Elimu hiyo hiyo akaja nayo kwenye poka. Kitu alichosahau ni kwamba huku aliyekaa kwenye benchi ni yeye.

Binti yake akatokea mlangoni. Kesho yake alikuwa anaanza chuo cha uuguzi, mbali, safari ya basi ya kutwa, na mama yake alikuwa ameahidi kumpeleka mpaka bwenini.

"Mama, zipu ya begi imegoma. Njoo unishikie."

"Bado kidogo, mwanangu. Narudisha kilichokwenda, halafu nakuja."

"Kimekwenda kiasi gani?"

"Unauliza kama polisi. Nenda kanyooshe sare."

Mezani, humo simuni, walikuwa wanne. Kulikuwa na Chuma cha Pua, aliyekuwa na matusi mengi, na Paka Tajiri, ambaye hakuwa tajiri. Na kulikuwa na Kijiko. Huyu alijiwekea picha ya kijiko cha chai, na akishinda aliandika neno moja tu: "Asanteni."

Salio la Bi Subiri likaisha. Kioo kikamwambia: Salio limekwisha. Weka ulichonacho. Chini yake kulikuwa na kitufe cha ENDELEA na kitufe cha JITOE. Bi Subiri alibonyeza ENDELEA huku anapuliza chai. Mkononi alikuwa na malkia wawili, na mwanamke mwenye malkia wawili hajitoi. Kijiko akafunua saba tatu.

"Asanteni," akaandika Kijiko, na udada ukaenda.

Nyumbani walijua ni udada kwa sababu kaka yake Bi Subiri, mwenye nyumba, alikuwa barazani anabadilisha kitasa cha mlango, na simu yake ikaita pale pale.

"Dada!" alisema, akaweka bisibisi chini. "Yaani nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

Sauti iliyojibu ilikuwa nzito, ya mwanamume mwenye mafua, lakini dada ni dada. Kaka akamweleza habari za mgongo wake, zile ambazo alikuwa ameshaanza kumwambia Bi Subiri mara nyingi na kila mara akaambiwa asubiri karata hii iishe. Kijiko alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza analalia godoro gani.

Alipomaliza kuongea, kaka alipita sebuleni, akamwona mwanamke kwenye kochi, akasimama kwa adabu.

"Samahani, mama. Wewe ni mgeni wa nani?"

"Ni mama yangu huyu, mjomba," alisema binti kutoka chumbani.

"Ah! Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

Bi Subiri alitikisa kichwa kama mtu aliyedondosha kifungo cha shati. Udada mmoja tu. Mchezaji wa kweli haanzi kulia kwa kifungo. Akabonyeza ENDELEA.

Ushangazi ulikwenda kwa Kijiko kabla chai haijapoa. Watoto wa kaka, mapacha wa kike, waliingia mbio, wakaishika ile stuli.

"Samahani, inua miguu," alisema mmoja. "Hii ni ya shangazi."

"Akija atakaa wapi?" aliongeza mwenzake.

Bi Subiri akainua miguu. Kitu cha watu ni cha watu. Wakaivuta stuli mpaka chumbani kwao, wakaitandikia kitambaa.

Uwifi nao ukafuata, na huo, tuseme ukweli, hakuna aliyeulilia. Mke wa kaka alitoka jikoni na chakula kwenye sahani ya maua, sahani ya wageni, kijiko upande huu na kitambaa upande ule. Wifi anasemwa, mgeni hasemwi. Bi Subiri alikula vizuri siku hiyo kuliko siku zote alizoishi mle ndani, na akaona ni dalili kwamba mambo yanaanza kunyooka.

Binti akaja akakaa kwenye mkono wa kochi, ule uliolegea, kwa uangalifu.

"Mama, umebakiwa na nini?"

"Na wewe."

"Basi achia hapo."

"Angalia kwanza." Akamgeuzia kioo. Wafalme wawili, mmoja wa kopa, mmoja wa shupaza, wamenyooka kama mabwana harusi. "Hawa ni watu wa kuachwa hawa? Nikishinda hii, udada unarudi, ushangazi unarudi, uwifi nitaangalia."

"Na ukishindwa?"

"Nimekaa tangu asubuhi, mwanangu. Nikiondoka sasa si nitakuwa nimekaa bure?"

"Mama, hayo maneno unawaambiaga watu wenye meno mabovu."

"Na wanakaa," alisema Bi Subiri, akabonyeza.

Mfalme wa tatu alitokea mezani mapema kabisa, na Bi Subiri akapiga kofi paja lake. Kijiko alikuwa na tano, sita, saba, nane na tisa, zimejipanga kama watoto wa darasa la kwanza.

"Asanteni."

Binti alikuwa amefungua mdomo kusema "mama". Neno halikuwa na pa kutua, akaufunga. Kisha simu yake ikaita.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ilisema ile sauti ya mafua. "Hiyo zipu imefikia wapi?"

"Imegoma."

"Chukua mshumaa uisugue, juu na chini. Usiivute kwa hasira."

Binti akasugua. Zipu ikateleza mpaka mwisho bila kelele. Kijiko akamuuliza kama ameweka sweta, maana huko anakokwenda asubuhi kuna baridi, na kama anaogopa. Binti akasema anaogopa kidogo. Kijiko akasema hata yeye angeogopa. Wakaongea sana, na hakuna aliyeambiwa asubiri.

Kijiko alikuwa mama mzuri, hilo binti hakulikataa hata baadaye. Lakini kila akiinua macho alimwona yule mwanamke kwenye kochi, amepinda, kikombe kitupu miguuni, na mle ndani hapakuwa na mtu aliyehusika kumwambia anyooke. Binti akavumilia kidogo. Halafu akafungua simu yake mwenyewe, akaingia mezani. Hakuwa na salio. Kioo kikamwambia aweke alichonacho, naye alikuwa na kitu kimoja, kuwa mtoto wa mtu.

"Mwanangu, una uhakika?" akaandika Kijiko.

"Nina uhakika, mama."

Karata ya kwanza akajitoa. Ya pili akajitoa. Ya tatu Bi Subiri alishindwa kuvumilia.

"We binti wa watu, mbona unajitoa tu? Hizo si mbaya hizo! Utashindaje ukijitoa?"

"Nasubiri yangu."

Chuma cha Pua akamtukana. Binti akajitoa tena. Mwishowe zikaja kopa mbili, mezani zikadondoka kopa nyingine tatu, zote nyekundu kama pilipili, naye akasukuma alichonacho chote mbele. Kijiko akaweka umama, akaonyesha karata zake, nzuri, lakini si za kutosha.

"Asanteni," akaandika Kijiko vilevile, kwa kuwa alikuwa na malezi.

Papo hapo karata mpya zikagawiwa. Binti alipata ree mbili, karata ambazo watu wanaziota. Bi Subiri aliruka kutoka kwenye kochi.

"Usitoke! Usitoke, nakuapia! Rudisha na udada humo humo!"

"Kaa kidogo, mrembo," aliandika Paka Tajiri. "Mkono umekuwa moto huo."

Binti alibonyeza JITOE, akaizima simu, akaitia mfukoni.

"Nilifuata kimoja," alisema. Kisha akamtazama mwanamke aliyesimama katikati ya sebule. "Nyoosha mgongo wako."

Bi Subiri akanyoosha.

Hivyo ndivyo umama ulivyorudi nyumbani, ila ulirudi kwa aliyeushinda. Nafasi iliyobaki wazi ilikuwa ya mtoto, na Bi Subiri akaichukua, kwa sababu mtu lazima awe wa mtu. Kaka aliulizwa kama angependa udada nao utafutiwe njia ya kurudi. Akafikiri, akajishika mgongo, ambao siku hizi haumsumbui, akasema aliyenaye anamtosha.

Chuo kilielezwa. Mkuu wa bweni, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alisema kwenye simu kwamba wanaelewa kabisa, mambo haya yanatokea, lakini bwenini hawapokei wanafunzi wenye watoto, hasa mtoto wa miaka arobaini na tisa. Nafasi ikapewa msichana mwingine. Binti akalifungua begi, zipu ikateleza vizuri, akarudisha nguo kabatini.

Sasa anaamka mapema, anampigia mwanawe pasi sketi ya kazini, anamkumbusha miwani, anamtoa mpaka barabarani. Jioni anamuuliza siku ilikuwaje. Anamlea vizuri, kila mtu anasema. Mke wa kaka, ambaye ameishi nao miaka, alisema yeye haoni tofauti. Msichana amekuwa akifanya hayo yote tangu anaanza sekondari, kilichobadilika ni nani anamwamkia nani. Akasema hivyo huku anachambua mchele.

Jumapili iliyofuata Bi Subiri alioga, akala, akatoa vyombo vyake mwenyewe bila kusukumwa. Kisha akaketi kwenye kochi, akakunja mikono ya blauzi. Kioo kikamwambia aweke alichonacho. Alicheka. Wiki iliyopita labda angehangaika kufikiri, lakini sasa alikuwa na utoto, mpya kabisa, hata mkwaruzo hauna. Akabonyeza. Kijiko alikuwepo, akamsalimu. Karata zikaja.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo uone!"

Binti yake akaja kutoka jikoni anajifuta mikono, akakaa pembeni yake, akaegemeza kichwa kwenye bega lake, akaziangalia. Zilikuwa nzuri kweli.