Mapigo Matatu Kwenye Bomba

Kazi ya Godefroid Kabasele katika shimo la Kapata ilikuwa kusikiliza, na Godefroid Kabasele alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha fizikia katika shule moja ya Dilala, hadi homa ya uti wa mgongo ilipoliua sikio la kushoto kwa wiki moja na la kulia kwa miaka miwili. Alijifunza kusoma midomo. Aliwataka watu wazungumze naye uso kwa uso, nao wakadhani ni majivuno ya mwalimu. Alipokwenda kuomba kazi kwa Baudouin, mkuu wa koperative, ushirika wa wachimbaji wa madini, aliulizwa swali moja tu: "Profesa, uko nasikia muzuri?" Akajibu kwamba anasikia. Hakusema uongo, au ndivyo alivyojitetea moyoni. Kiswahili ni karimu kwa neno hilo: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu ya moshi, na sikio halihusiki. Yeye alisikia kwa kiganja.

Bomba la chuma lilishuka kutoka mdomo wa shimo hadi chini, likipeleka hewa. Waliokuwa chini wakiwa na shida waligonga bomba kwa nyundo mara tatu. Msikilizaji aliitika kwa pigo moja, maana yake: mmesikika. Godefroid akiweka kiganja juu ya chuma aliyapata mapigo yote matatu kabla mwenye masikio mazima hajageuza shingo. Mwaka mzima hakukosea hata mara moja, na wachimbaji wakawa wanataniana kwamba Profesa husikia hata mawe yakisengenyana.

Enzi za chaki, mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza: jiwe likianguka shimoni siku ambayo hakuna mtu, linatoa sauti au halitoi? Godefroid alimjibu kwamba hewa hutikisika bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwamba wanaodhani sauti huwangoja wao wajitazame upya. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne moja ya Februari, baada ya mvua ya siku mbili, ukuta wa shimo uliporomoka saa tatu asubuhi. Watu wawili walikuwa chini: Stany, aliyetoka Lubudi baada ya kuchoka na shamba, na Karim, wa familia ya wasafirishaji wenye asili ya Kasongo. Wenzao walianza kuchimba papo hapo kwa sepetu na kwa mikono. Maji yalikuwa yakipanda, kwa hiyo iliwashwa mashine ya kuyavuta, na mashine hiyo ilifungwa kando ya bomba.

Godefroid alipiga magoti akaweka kiganja. Bomba lote lilikuwa likitetemeka kwa nguvu ya mashine. Hakukuwa na njia ya kutenga pigo la nyundo na mtetemo ule, si kwa mkono. Sikio zima lingeweza, kwa kuwa mlio wa chuma ni mkali na ngurumo ya mashine ni nzito. Jambo hilo alikuwa amelifundisha miaka kumi na tisa. Kuizima mashine kulimaanisha kuwazamisha.

Alichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja: masikio yangu yamekufa, leteni mtu mwingine. Hakuisema.

Karibu na adhuhuri alifika Aicha, mke wa Karim, akasimamishwa kwenye kamba iliyofungwa hatua thelathini kutoka shimoni. Hapo ndipo wanawake wote huishia. Wachimbaji husema mwanamke akikaribia mdomo wa shimo, madini hukimbia na ardhi hukasirika. Godefroid alikuwa ameidharau imani hiyo mbele ya watu mara nyingi, kwa hoja na kwa mifano. Siku hiyo ardhi ilikuwa imekwisha kukasirika bila mwanamke yeyote.

Aicha alimtazama usoni, na Godefroid akayasoma maneno yake.

"Tata Profesa, mi niko na masikio ya muzuri. Uniachilie nifike ku bomba. Nyundo ya Karim naijua."

Wanaume waliacha kuchimba, wakamtazama Profesa. Bomba lilikuwa lake. Angeitikia kwa kichwa tu, wangemruhusu. Lakini Aicha akisikia alichoshindwa kusikia yeye, ingebidi ielezwe ni kwa nini.

"Desturi ni desturi, mama," alisema Godefroid.

Kisha, kwa mazoea au kwa aibu, alichukua nyundo yake akagonga bomba pigo moja.

Saa tisa Baudouin alikuja, akiwa na hofu kwamba ukuta wa pili utawaangukia wachimbaji wengine. Alichuchumaa mbele ya Godefroid, akauliza kama kuna kitu.

"Siko nasikia kitu," alisema Godefroid, na kila neno lilikuwa kweli.

Baudouin aliandika katika taarifa yake kwamba hakukuwa na sauti yoyote. Uchimbaji ukasimamishwa hadi udongo utulie.

Ijumaa miili ilitolewa. Karim alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala. Stany alipelekwa Lubudi kwa ndugu zake. Bomba lilivutwa juu, likalazwa kwenye matope. Ncha yake ya chini ilikuwa imejaa mibonyeo midogo, na Baudouin akasema ni mawe yaliyoanguka. Godefroid alingoja watu waondoke, akapitisha vidole juu ya chuma. Mawe hayapigi mahali pamoja, wala hayapumziki kila baada ya pigo la tatu. Alihesabu mafungu thelathini na saba. Mengine yalikuwa hafifu, ya mkono uliochoka. Alisikia kila moja.

Jumatatu Aicha alimkuta nyumbani kwake Kapata, kwenye safu ya nyumba za zamani za kampuni. Hakukaa. Alisema Baudouin amemwambia kwamba Karim alikufa palepale ukuta ulipoanguka, na kwamba tangu aambiwe hivyo anapata angalau usingizi kidogo. Alitaka kulisikia kwa mwenye bomba.

"Alipiga?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Taarifa ilisema hapana, na hakuna aliye hai ila yeye aliyekuwa na ushahidi mwingine.

"Alipiga, mama. Mara tatu tatu, mafungu thelathini na saba. Mi siko nasikia, ni mwaka wa sita sasa. Nilikufukuza ili usijue."

 Aicha akauliza kama kuna aliyemwitika.

"Mara moja. Mimi. Alijua amesikika. Pengine ndiyo sababu alingoja."

Alitarajia kofi, au kilio. Aicha alijifunga kitambaa chake upya kichwani, akageuka, akaelekea barabarani penye pikipiki za abiria. Alipofika kwenye lango la ua alisimama, akiwa bado amempa mgongo, na Godefroid akaona mabega yake yakipanda na shingo yake ikikaza, kama ya mtu anayesema jambo kwa nguvu zote. Jirani wa mkono wa kulia aliinua kichwa kutoka kwenye karai la nguo. Wa mkono wa kushoto akaziba mdomo kwa kiganja.

Godefroid aliuliza Aicha amesema nini. Majirani walimtazama, kisha wakaangalia chini, na hakuna aliyefungua midomo yake ili yeye asome.